Taimingi ni Moja au Mbili? Istilahi za Gereji na Ukarabati wa Injini Mjini Garissa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza neno moja la gereji, taimingi, na hasara inayoweza kutokea pale ambapo neno hilo linabeba dhana mbili bila kuzitenganisha. Mfano unaotumiwa ni injini ya Datsun 240Z, gari la michezo lililojipatia sifa katika mbio za Safari. Tutaeleza jinsi uharibifu wa taimingi unavyotambuliwa na kurekebishwa, kisha tuonyeshe ni kwa nini kazi hiyo inamhusu mwanaistilahi wa Kiswahili kama inavyomhusu fundi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Garissa umekaa kando ya Mto Tana, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu mwaka wa 2013 ni makao ya Kaunti ya Garissa. Ni lango la safari za kwenda Dadaab, Wajir na Mandera, na kwa hiyo ni mji wa magari. Joto ni kali, vumbi ni jingi, na umbali kati ya gereji moja na nyingine ni mrefu. Gari likizimika njiani katika eneo hili, abiria hubaki juani penye uhaba wa maji na vivuli.

Katika gereji za mji huu lugha tatu hukutana chini ya boneti moja. Wakazi wengi huzungumza Kisomali. Fundi aliyetoka sehemu nyingine ya nchi na mteja wake mwenyeji huelewana kwa Kiswahili. Kitabu cha maelekezo ya injini, kama kipo, kimeandikwa kwa Kiingereza. Katika mazingira hayo, Kiswahili kinafanya kazi ambayo wanafunzi wa isimu jamii huitaja darasani mara kwa mara, yaani kuwaunganisha watu wa lugha mbalimbali. Hata hivyo, ni nadra sana kwetu kujiuliza kama daraja hilo linaweza kuhimili mzigo wa ufundi wa kina.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka: fundi anaposema kwamba "taimingi imeharibika", ni kitu gani hasa kilichoharibika? Tutaona kwamba jibu lisilo wazi linaweza kugharimu injini nzima.

2.0 Gari la Mfano

Hatudai kwamba Datsun 240Z ni gari la kawaida Garissa. Magari yanayojulikana zaidi huko ni yale ya kazi ngumu, hasa Toyota Land Cruiser. Tumelichagua gari hili kwa sababu mbili. Kwanza, lina nafasi katika kumbukumbu ya Kenya. Mbio zilizoanzishwa mwaka wa 1953, ambazo baadaye zilijulikana kama Safari Rally, zilishindwa na Datsun 240Z mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na tena mwaka wa 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews. Tangu mwaka wa 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani, na kwa sababu hiyo ujuzi wa kuzitunza injini hizi haujapitwa na wakati.

Pili, muundo wa injini yake unalidhihirisha tatizo letu la kiistilahi waziwazi kuliko injini nyingi. Ni injini ya petroli yenye silinda sita zilizopangwa kwa mstari, na ukubwa wake ni karibu lita 2.4. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya aluminiamu. Juu ya hedi hiyo imelazwa kamushafti moja inayozungushwa na cheni kutoka kwenye krenki. Distributa, kwa upande wake, haizungushwi na cheni hiyo. Inapata mwendo wake kwa gia iliyo kwenye krenki yenyewe, mhimili mmoja ukiendesha distributa kwa juu na pampu ya oili kwa chini. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana hoja yetu yote imeegemea hapa.

3.0 Majira Mawili Ndani ya Injini Moja

Injini ya aina hii hufanya kazi kwa hatua nne. Pistoni hushuka ikivuta mchanganyiko wa hewa na petroli, hupanda ikiubana, husukumwa chini mchanganyiko unapowaka, kisha hupanda tena ikiutoa moshi. Katika hatua hizo nne krenki huzunguka mara mbili, na kamushafti mara moja tu. Kazi ya kamushafti ni kuzifungua valvu kwa zamu. Kazi ya distributa ni kupeleka umeme kwenye plagi ili cheche iruke muda mfupi kabla ya pistoni kufika kileleni.

Kutokana na maelezo hayo, ni dhahiri kwamba kuna mipango miwili ya wakati. Mmoja ni wa valvu kufunguka na kufungika. Mwingine ni wa cheche kuruka. Katika gereji yote miwili huitwa taimingi. Fundi "huseti taimingi" anapoigeuza distributa kidogo kwa mkono, na vilevile "huseti taimingi" anapofunga cheni mpya. Kazi ya kwanza ni ya dakika chache. Ya pili yaweza kuchukua siku kadhaa, na ikikosewa, valvu hugongana na pistoni.

Tunapendekeza istilahi mbili: majira ya valvu na majira ya cheche. Neno majira limechaguliwa kwa makusudi. Katika Kiswahili cha kawaida lina maana ya wakati au msimu, lakini wanamaji wa Mwambao wamelitumia pia kwa maana ya mwelekeo wa chombo baharini. Maana hizo mbili, wakati na mwelekeo, ndizo zinazokutana ndani ya injini. Fundi hapimi wakati kwa sekunde. Huupima kwa nyuzi za mzunguko wa krenki, kama vile nahodha anavyoisoma dira. Neno wakati peke yake lisingelibeba wazo hilo la mzunguko.

4.0 Kuutambua Uharibifu

Tuchukulie kwamba gari letu limetoka Nairobi na kuzimika njiani kabla ya kufika Garissa. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Je, injini ilikuwa ikipoteza nguvu polepole kwa majuma kadhaa, au ilizimika ghafla? Je, asubuhi ilipokuwa baridi, ulisikika mlio wa kukwaruza upande wa mbele? Udhaifu wa polepole pamoja na mlio huo huashiria cheni iliyorefuka au kikazio chake kilichochakaa. Kuzimika kwa ghafla huashiria cheni iliyokatika au iliyoruka meno.

Kabla ya majibu hayo kupatikana, injini isipigwe stata. Kila mzunguko wa stata unaweza kuipinda valvu ambayo ilikuwa bado nzima. Watu wengi hupiga stata mara kumi kwa matumaini, na valvu moja iliyopinda hugeuka kuwa sita. Ndiyo maana ya wahenga kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua inayofuata ni kukifungua kifuniko cha kutilia oili juu ya injini. Kupitia tundu hilo sehemu ya kamushafti huonekana. Krenki ikizungushwa polepole kwa spana na kamushafti isiyumbe hata kidogo, basi cheni imekatika. Katika injini nyingine, zile ambazo distributa huendeshwa na kamushafti, fundi huondoa kifuniko cha distributa na kutazama kama rota inazunguka. Katika Datsun 240Z mbinu hiyo hupotosha. Rota itazunguka vizuri kabisa hata kama cheni imekatika vipande viwili, kwa kuwa distributa ina njia yake yenyewe ya kupata mwendo.

Hapa ndipo neno moja linapoleta hasara. Tuseme cheni haikukatika, bali imeruka jino moja. Injini inawaka kwa shida na haina nguvu. Fundi anachukua taa ya taimingi, anaimulika puli ya mbele, na alama zinakaa mahali pake. Anatamka hukumu: "Taimingi iko sawa." Hasemi uongo, maana majira ya cheche yako sawa. Yaliyoharibika ni majira ya valvu, ambayo taa hiyo haiwezi kuyaona. Lakini kwa kuwa lugha ya gereji imempa neno moja tu, suala la taimingi linafungwa, na utafutaji unahamia kwenye kabureta, pampu ya petroli na plagi.

Fundi mwingine hufanya jambo la hatari zaidi. Huigeuza distributa ili kufidia udhaifu ule, na injini huonekana kuchangamka kidogo. Gari likibeba mzigo katika joto la Garissa, petroli huwaka mapema mno na injini huanza kugonga. Nalo neno la hali hiyo lina utata wake. Katika Kiingereza cha vitabu vya magari, neno lililozaa kitenzi chetu cha mitaani kunoki linahusu mlio wa kugonga. Katika gereji za Kenya, "injini imenoki" maana yake ni kwamba injini imekufa. Anayesoma kitabu huliona onyo. Anayesikiliza gerejini huyasikia matanga.

Njia sahihi ni kuyakagua majira ya valvu yenyewe. Kifuniko cha juu cha injini huondolewa. Krenki huzungushwa kwa mkono hadi pistoni ya silinda ya kwanza, iliyo upande wa mbele, ifike juu kabisa. Ila "juu kabisa" nako hakutoshi. Pistoni hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja mwishoni mwa kubana, na mara nyingine mwishoni mwa kutoa moshi. Tunapendekeza yaitwe kilele cha mbano na kilele cha moshi. Katika kilele cha mbano, valvu zote mbili za silinda ya kwanza zimefungika na nundu zao kwenye kamushafti zimeelekea juu kama masikio ya sungura. Hapo ndipo alama husomwa.

Nyuma ya gurudumu la meno la kamushafti mna mkato mdogo, na kwenye bamba lililo nyuma yake mna mfuo. Mkato ukilingana na mfuo, majira ni sahihi. Ukiwa umechelewa kidogo, cheni imerefuka. Waundaji walilifikiria jambo hili. Gurudumu hilo lina matundu matatu yenye nambari, na kulihamisha kutoka tundu la kwanza hadi la pili huitanguliza kamushafti kwa nyuzi 4 za mzunguko wa krenki. Tundu la tatu likishindwa kurudisha usawa, cheni imemaliza umri wake na inapaswa kubadilishwa.

Kisha hufuata kipimo cha mbano. Silinda zote sita zikionyesha mbano hafifu kwa usawa, tuhuma huwa juu ya majira ya valvu. Silinda moja au mbili zikiwa dhaifu na nyingine nzima, huenda valvu zimepinda. Kijiko cha oili kikitiwa ndani ya silinda dhaifu na kipimo kikapanda, kosa ni la ringi za pistoni. Kisipopanda, kosa ni la valvu au gasketi. Ikiwa pampu ya hewa ipo, hewa hushindiliwa ndani ya silinda ikiwa kwenye kilele cha mbano na fundi husikiliza. Mnong'ono kwenye kabureta hudokeza valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi, valvu ya kutoa. Na mapovu katika rejeta hudokeza gasketi ya hedi.

5.0 Kuukarabati Uharibifu

Ikibainika kwamba valvu zimepinda, hedi lazima ing'olewe. Kama cheni bado ni nzima, kuna tahadhari moja ambayo mafundi wa injini hizi huithamini mno: kabla ya kuliondoa gurudumu la kamushafti, kabari ya mti hushindiliwa katikati ya pande mbili za cheni ili isilegee. Pasipo kabari hiyo, kikazio huchomoka huko chini, na kukirudisha ni lazima kifuniko chote cha mbele cha injini kifunguliwe. Kipande cha ubao kinaokoa kazi ya siku nzima. Kama cheni imekatika, kabari haina faida. Kifuniko cha mbele hufunguliwa, sampu hushushwa, na vipande vyote vya chuma huokotwa kabla havijasagwa na injini.

Juu ya hedi, kamushafti hushikiliwa na nguzo tano za aluminiamu zilizochongwa pamoja ili zikae katika mstari mmoja. Nguzo hizi zisifunguliwe bila sababu kubwa. Zikirudishwa zikiwa zimepotoka hata kidogo tu, kamushafti hubanwa na kuliwa upesi.

Valvu huchomolewa moja moja na kupangwa kwa mfuatano wake. Iliyopinda hutambulika inapoviringishwa juu ya kioo, kwa kuwa huyumba. Hainyooshwi, hutupwa. Mpya husagwa kwa lami yake ya kusagia hadi ikae sawasawa katika kiti chake, kisha mafuta ya taa hutiwa katika njia yake kuona kama yanavuja. Vichwa vya pistoni hukaguliwa pia. Alama ndogo ya kugongwa inaweza kuvumilika, lakini ufa hauvumiliki.

Hedi ya aluminiamu iliyopata joto kali huweza kupinda, na dawa ya kawaida ni kuiskimu, yaani kuichonga uso wake wa chini mpaka uwe bapa. Hapa pana mtego. Hedi ikipunguzwa unene, kamushafti huikaribia krenki. Cheni hulegea na majira ya valvu huchelewa. Tiba yenyewe inakuwa chanzo cha maradhi yale yale. Dawa yake ni kuweka vibamba vyembamba chini ya nguzo za kamushafti ili kurudisha kimo kilichopotea, na hii ni mojawapo ya sababu chache za kuzigusa nguzo hizo.

Wakati wa kufunga, cheni, kikazio na reli zake hubadilishwa kwa pamoja. Viungo vya cheni vyenye alama hulinganishwa na alama za magurudumu mawili ya meno. Krenki huzungushwa kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, fundi asitumie nguvu, bali arudi nyuma atafute sababu. Nafasi za valvu hupimwa kwa vibamba vya kupimia: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Ikiwa moto, 0.25 na 0.30. Baada ya hayo yote, na si kabla, ndipo majira ya cheche yanaposetiwa kwa taa.

Utunzaji baada ya ukarabati hutegemea oili. Kikazio cha cheni husukumwa na springi pamoja na shinikizo la oili. Oili chafu yenye vumbi hukidhoofisha kikazio na kuila cheni. Katika eneo la vumbi kama Kaskazini Mashariki, kuchelewesha kubadilisha oili na chujio ni kuukaribisha ugonjwa huu upya.

6.0 Funzo kwa Mwanaistilahi

Mtu anaweza kuuliza kama tofauti hii ina maana nje ya magari ya zamani. Jibu ni ndiyo. Chukua injini ya dizeli ya Toyota inayojulikana kama 1HZ, iliyo katika Land Cruiser nyingi. Haina cheche kabisa. Mkanda wake wa meno huendesha kamushafti pamoja na pampu ya dizeli. Hapa tutahitaji majira ya valvu na majira ya mafuta. Mfumo wa istilahi tuliopendekeza unapokea dhana hiyo mpya bila kuvunjika, ilhali neno taimingi linaongezewa maana ya tatu.

Mwelekeo nao unahitaji uangalifu. Agizo la kuzungusha injini "kulia" halina maana mpaka tujue msemaji amesimama wapi. Kulia kwa aliyekaa kwenye usukani si kulia kwa aliyesimama mbele ya gari akiitazama injini. Msomali akitafsiri kulia kuwa midig atakuwa ametafsiri sahihi, na injini bado itazungushwa kinyume. Kwa hiyo maelekezo yaseme "kwa mwendo wa mishale ya saa, ukiitazama puli ya mbele". Sentensi ni ndefu zaidi, lakini valvu husalimika.

Ukaribu wa Kiswahili na Kisomali ni rasilimali ambayo bado hatujaitumia ipasavyo. Lugha zote mbili zimekopa kutoka Kiarabu: wakati wetu ni jamaa wa waqti, na saa yetu ni jamaa wa saacad. Mwanaistilahi anayependekeza maneno ya gereji kwa ajili ya Garissa angefaa kuanza na hazina hiyo ya pamoja kabla ya kubuni maneno yasiyojulikana na yeyote kati ya wazungumzaji hao.

Hatusemi kwamba maneno ya mafundi yafutwe. Cheni, hedi, gasketi, plagi na rejeta yamekwisha kukubalika, na kila moja linataja kitu kimoja kinachoweza kushikwa kwa mkono. Tatizo haliko katika ukopaji. Liko pale ambapo neno moja, liwe la kukopwa au la asili, linaficha tofauti ambayo kazi inaihitaji. Kigezo cha istilahi bora kisiwe usafi wa asili yake, bali uwezo wake wa kumzuia fundi asikosee.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uharibifu wa majira ya valvu unaweza kufichwa na neno linalotumika pia kwa majira ya cheche, na kwamba katika injini kama ya Datsun 240Z kipimo cha moja hakisemi lolote kuhusu jingine. Yamependekeza istilahi nne: majira ya valvu, majira ya cheche, kilele cha mbano na kilele cha moshi, pamoja na namna isiyo na utata ya kutaja mwelekeo.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo hudhihirika katika hotuba na nyaraka, lakini mtihani wake mgumu uko katika mikono yenye grisi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti wa istilahi wasiishie maktabani. Waende gerejini wakiwa na daftari, waulize kila neno linataja nini na halitaji nini, kisha warudi kwa mafundi na mapendekezo yao ili yajaribiwe kazini. Istilahi itakayokubaliwa na fundi aliyeinama juu ya injini, jua la Garissa likimchoma mgongo, haitahitaji tena kutetewa na sisi.